Walinda Mlango Wapelekwe Vyuo vya Ualimu

Nchini kwetu anayefundisha timu ya kandanda huitwa mwalimu, jina lile lile tunalompa anayefundisha watoto kusoma na kuandika. Pamoja na hayo, walimu hao wawili hatujapata kuwakutanisha ipasavyo, na anayepata hasara zaidi ni kijana anayesimama golini. Leo tunapenda kuzungumza juu ya walinda mlango: namna tunavyowapata, namna tunavyowatumia, na hasa namna tunavyowasahau mara wanapotundika daluga.

Wengi wetu tukitaja kandanda hutaja Brazil, basi na tuanzie huko. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Uruguay iliifunga Brazil mabao 2-1 na kutwaa Kombe la Dunia. Bao la pili, lililofungwa na Ghiggia, lilipita baina ya mlingoti na mlinda mlango Barbosa. Wachezaji waliokuwa uwanjani ni kumi na mmoja, lakini lawama ilimwandama mtu mmoja mpaka alipofariki mwaka 2000. Nusu karne nzima! Hata wauaji hawafungwi muda huo.

Lakini mwaka huo huo wa 2000 nchi hiyo hiyo ilimkabidhi timu yake ya taifa Émerson Leão, mlinda mlango aliyekuwamo katika vikosi vinne vya Kombe la Dunia, vya 1970, 1974, 1978 na 1986. Timu ya taifa haikumkalia vizuri, akaondolewa mwaka 2001. Mwaka uliofuata aliichukua Santos, akawaamini vijana wadogo akina Robinho na Diego, nao wakawa mabingwa wa Brazil.

Baada yake akaja Rogério Ceni, aliyelinda lango la São Paulo katika mechi zaidi ya 1,200 na, jambo la ajabu kwa mtu wa kazi ile, akafunga mabao zaidi ya 100 kwa mipira ya adhabu na penalti. Alianza ualimu katika klabu yake hiyo mwaka 2017, na kabla mwaka haujamalizika alikwisha kufukuzwa. Asingekuwa na pa kwenda, habari zake zingekoma hapo. Alishuka hadi Fortaleza, timu ya daraja la pili, akaipandisha kwa ubingwa mwaka 2018, kisha akaipa Flamengo ubingwa wa nchi wa msimu wa 2020. Kilichomfaa Ceni kuliko jina lake ni kwamba palikuwapo mahali pa chini pa kujifunzia kazi.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, na tunasikitika kwamba vijana wengi hawamjui. James Siang'a alikuwa mlinda mlango wa Gor Mahia na wa Kenya, akaenda na timu ya taifa ya nchi yake kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1972 huko Cameroon. Alipoacha kucheza akawa mwalimu, akafundisha Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Simba mwaka 2003, timu ile ilipoitoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko huko Cairo. Golini siku ile alisimama Juma Kaseja, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ameitimiza. Wako wanaosema penalti ni bahati. Sisi tunasema kijana yule alikuwa na mwalimu aliyekwisha kusimama mahali pale pale, anayeujua upweke wake na anayejua la kumwambia. Siang'a alifariki mwaka 2016.

Kaseja mwenyewe alikuja kuonja uchungu mwingine. Mwaka 2006 Serikali ilimleta Márcio Máximo kutoka Brazil kuifundisha Taifa Stars. Haki ya mtu tumpe: alirudisha watu uwanjani, akaifikisha timu kwenye fainali za CHAN za 2009 huko Ivory Coast, tukawafunga wenyeji 1-0. Lakini kwa sehemu kubwa ya miaka yake minne Kaseja alikuwa nje ya kikosi, na nchi nzima ikagawanyika kwa mabishano. Ugomvi ule hatuna haja ya kuufukua. Tunachotaka kukumbusha ni kwamba mwaka 2019, Máximo akiwa ameondoka zamani, Kaseja aliitwa tena akiwa na umri wa miaka zaidi ya thelathini, akadaka katika ushindi wa penalti dhidi ya Kenya mjini Nairobi, kisha dhidi ya Burundi hapa nyumbani, ambapo Burundi hawakuingiza hata mkwaju mmoja. Mwaka 2022 akawekwa kuwafundisha walinda mlango wa timu ya taifa. Jambo jema. Ila kwa kila Kaseja mmoja anayepata nafasi, wako makumi waliodaka katika timu za mikoa na wilaya ambao leo hakuna anayewauliza neno.

Msomaji wa Unguja au Pemba atashangaa tukimpeleka sasa Kinampanda, wilayani Iramba, mkoa wa Singida, mahali palipo mbali na bahari. Tunamwomba subira. Kinampanda pana chuo cha ualimu, na walimu wanaotoka katika chuo kama kile ndio wanaokabidhiwa watoto wa shule za msingi, wanaowachagulia nafasi uwanjani na kuwapeleka kwenye mashindano ya UMISHUMTA. Mtoto hukutana na mwalimu huyo miaka mingi kabla ya kumwona mtaalamu yeyote, Mbrazili au mwingineo. Na watu wa Singida Wabrazili wanawafahamu. Waliwatazama kwa macho yao katika uwanja wa Liti, zamani Namfua, wakiichezea Singida Big Stars msimu wa 2022/23.

Sasa tutazame ardhi. Singida ni nchi ya mvua chache na kiangazi kirefu, na uwanja wa shule wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu, wenye changarawe zinazochuna ngozi. Mtoto akijirusha mara moja kuufuata mpira, goti na kiwiko vinamkataza kurudia. Ndiyo maana golini huwekwa mdogo kuliko wote, au yule asiyejua kukimbia, naye hudaka kwa miguu akiogopa kuanguka. Visiwani mambo ni tofauti. Mtoto wa Nungwi au Makunduchi hujirusha mchangani jioni nzima na kurudi kwao mzima. Hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu, lakini bila ya mafunzo haitoshi. Mwezi Desemba 2017, huko Machakos, Zanzibar Heroes walitoka sare ya 2-2 na Kenya katika fainali ya Challenge, na kombe likapotea kwa penalti 3-2. Aliyewanyima ni mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, aliyezuia mikwaju mitatu.

Fauka ya hayo, kazi yenyewe imebadilika. Tangu mwaka 1992 mlinda mlango haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Lazima aucheze, autulize, aanzishe mashambulizi. Anatakiwa kupunguza pembe ya mpigaji, kuwapanga walinzi kwa sauti na kuuona uwanja mzima, ambao wenzake wanauona kwa vipande tu. Mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano ana elimu kamili, na kumwacha nayo kijiweni ni israfu ya mali ya umma.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara yenye dhamana ya elimu, pamoja na TFF, wakae na wakuu wa vyuo vya ualimu, Kinampanda kikiwa cha mfano, ili kila mwaka walinda mlango wastaafu wa mkoa husika wapelekwe chuoni kwa majuma machache wakawafundishe walimu wanafunzi. Nao wastaafu wafunzwe hapo hapo namna ya kupanga somo, ili wakienda kwenye kozi za CAF za ngazi ya D na C wasiaibike mbele ya karatasi. Kwa Visiwani, ZFF na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaweza kufanya vivyo hivyo pasipo kusubiri Bara. Fainali za Afrika za 2027 zimepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na kila kiongozi anazungumzia viwanja. Gharama ya tunaloliomba ni nauli, chakula na malazi ya watu wachache.

Kuhusu ardhi ngumu, shule zenye shimo la mchanga kwa ajili ya kuruka chini zimekwisha kupata dawa. Asubuhi watoto waruke, jioni waongeze toroli mbili za mchanga, wasimike miti miwili kando yake, na anayejifunza kudaka apigiwe mipira hapo. Maofisa elimu wa wilaya wanaweza kulitolea agizo jambo hili kabla ya mashindano yajayo ya UMISHUMTA.