Geji ya busti iwe ya mwisho

Tazama picha za magari madogo ya spoti yaliyofungwa supachaja na utaona kitu kimoja karibu kila mara: geji ya busti imepewa kiti cha heshima, juu kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ndiyo hununuliwa kwanza na ndiyo marafiki huonyeshwa kwanza. Mimi nasema iwe ya mwisho. Na kama mfuko unatosha geji mbili tu, isiwemo kabisa.

Najua kuna watakaonuna. Wanune, ila wasome kwanza.

Kwa msomaji ambaye haya mambo ya magari si yake: supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na belti kutoka kwenye injini yenyewe. Turbo nayo huzungushwa na moshi wa ekzosti. Kazi yao ni moja, kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ile ambayo injini ingevuta bila msaada, ili petroli nyingi zaidi iweze kuchomwa. Presha hiyo ya ziada ndiyo inaitwa busti, na hupimwa kwa PSI zilezile tunazotia kwenye magurudumu. Sasa shika hiyo tofauti ya belti na moshi, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo.

Kwenye turbo, busti huzuiwa na vali inayopitisha moshi pembeni. Vali hiyo ikikwama, busti hupanda na kupanda hadi kitu kivunjike. Mwenye turbo akinunua geji ya busti namwelewa kabisa, amenunua mlinzi. Lakini chukua supachaja ya Eaton M45, ile ambayo Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006 ilitoka nayo kiwandani na ambayo imefungwa pia kwenye Mazda MX-5 nyingi. Kila ikizunguka mara moja husukuma inchi za ujazo 45, yaani kama lita 0.74. Itazunguka mara ngapi? Puli ndizo zinazoamua, na puli hazibadiliki ukiwa barabarani. Kwa hivyo ukikanyaga mafuta hadi mwisho, busti yako kwa kasi fulani ya injini ni hesabu ambayo jibu lake unalijua tangu siku ulipofunga puli.

Sisi tunaoandika programu tuna swali tunalojiuliza kabla ya kuongeza grafu nyingine kwenye ukuta wa kuchungulia seva: namba hii ikibadilika saa nane za usiku, nitafanya nini? Kama jibu ni "hakuna", hiyo grafu ni pambo. Hebu uliza geji ya busti swali hilo. Imesoma 6. Haya, utafanya nini? Imesoma 5. Labda belti imeanza kuteleza, na hapo nakubali geji imekusaidia. Au labda umetoka Mombasa ukafika Nairobi.

Hilo la mwisho si mzaha. Presha ya hewa pale Mombasa ni kama kilopaskali 101. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kama 83. Supachaja huzidisha hewa inayoikuta, haijumlishi. Ikiwa inazidisha kwa 1.41, Mombasa geji ya kawaida itakuonyesha PSI 6 na Nairobi itakuonyesha karibu 5, gari lilelile, puli zilezile, hakuna kilichoharibika. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje, na nje kumebadilika. Nimesikia mtu akiambiwa abadilishe puli kwa ajili ya PSI moja iliyopotea njiani Mtito Andei!

Geji inayofaa kununuliwa kwanza ni ile isiyo na mvuto kwenye picha: waidibendi, yaani sensa ya oksijeni ya ekzosti inayopima uwiano wa hewa kwa petroli kwa upana mkubwa. Petroli huungua kikamilifu ikipata kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1. Chini ya busti hutaki 14.7, unataka karibu 11.5 hadi 12, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda. Pampu ya petroli ikichoka, au chujio likiziba, au nozeli moja ikinyong'onyea, namba hiyo itapanda kwenda 13 na zaidi huku gari likiendelea kukimbia vizuri tu. Masikio hayatakuambia. Busti nayo itabaki 6 kama kawaida. Halafu pistoni itayeyuka.

Kuna anayesema, "Lakini gari lina sensa ya oksijeni tayari." Ndiyo, lakini ile ya kiwandani kwenye magari mengi ya enzi hizo inajua kitu kimoja tu, kama uko upande huu au ule wa 14.7. Ni kama mlinzi anayejua kusema "kuna mtu" au "hakuna mtu", bila kujua ni mgeni au mwizi. Ukiwa kwenye 11.5 au 13.5, yeye jibu lake ni lilelile.

Waidibendi ni ghali kuliko geji ya busti, mara kadhaa. Ya AEM na ya Innovate ndizo utakazokutana nazo sana, na sensa zenyewe ni za Bosch, LSU 4.2 kwenye za zamani na LSU 4.9 kwenye mpya. Chukua ya 4.9 ukiweza. Sensa hizi zinauawa na risasi kwenye petroli, jambo ambalo huku kwetu lingekuwa tatizo zamani, lakini Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006.

Ya pili ni presha ya oili. Hapa nina kisa nikipendacho kuliko vyote, na kinahusu hiyohiyo MX-5. Magari ya kuanzia 1990 hadi 1994 yalikuwa na geji ya kweli: sindano ilipanda ukiongeza mwendo, ikashuka ukisimama kwenye taa. Kuanzia yale ya 1995, Mazda ilibakiza geji, ikabakiza sindano na namba zake, lakini nyuma yake ikaweka swichi. Presha ikizidi kiwango kidogo tu, sindano inasimama katikati. Ikiwa presha ni nzuri sana, katikati. Ikiwa ni mbaya lakini si sifuri, katikati. Husemwa kwamba wateja walikuwa wakirudi kulalamika kwamba sindano inacheza, basi ikatafutiwa dawa ya kutocheza.

Mimi naona huo ni uongo wenye sura ya kipimo, na ni mbaya kuliko kutokuwa na geji hata kidogo. Taa nyekundu ya oili haijidai. Inasema "iko" au "haiko", nawe unajua umeambiwa nini. Lakini sindano iliyotulia katikati inakuambia imepima, na haijapima. Nimeona jambo hilohilo kwenye ofisi: skrini kubwa ukutani yenye duara la kijani, na ukifungua msimbo unakuta duara linauliza tu kama seva inajibu salamu. Wateja wanashindwa kulipa, duara liko kijani. Bosi anapita, anafurahi.

Geji ya joto la maji nayo imelainishwa kwenye magari mengi. Sindano hupanda hadi karibu na katikati, inakaa hapo kwa upana mrefu wa nyuzijoto, na inapoanza kusogea tena gasketi ya hedi imeshaanza kuaga. Hiyo ndiyo ya tatu kwenye orodha yangu.

Ya nne ni joto la hewa inayoingia kwenye injini baada ya supachaja. Hewa ikibanwa hupata joto, na supachaja za aina ya M45 hubana kwa fujo. Nikichukua siku ya Mombasa ya nyuzi 30, busti ya PSI 6 na ufanisi wa asilimia 55, hesabu inaniambia hewa itatoka kwenye pampu ikiwa karibu na nyuzi 87. Bila radieta ya kupoza hewa, hiyo ndiyo injini inakunywa. Hewa ya moto ndiyo inayoleta injini kugonga, na kugonga chini ya busti ndiko kunakovunja pistoni. Geji hii inakupa kitu cha kufanya: ukiona imepanda, unaacha kukanyaga, unaliacha gari lipumue kilomita mbili tatu.

Hapa ndipo rafiki yangu mmoja alinipinga. Ana MX-5 ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 1.8, anaifunga M45, na kazi ya kuchagua geji amenikabidhi mimi kwa sababu eti mimi ni mtu wa kompyuta. Injini ikifa, akiba yake ya miaka mitatu imekufa nayo, kwa hivyo si mchezo. Akaniuliza, "Sasa wewe unataka niwe naangalia barabara ama naangalia saa nne?"

Swali zuri! Kwa kilomita 100 kwa saa, ukiinamisha jicho sekunde moja umesafiri mita 28 kama kipofu. Na injini inayozunguka mara 6,500 kwa dakika, katika sekunde hiyohiyo kila silinda imewaka mara 54. Hakuna jicho la binadamu litakalowahi. Kwa hivyo jibu langu kwake lilikuwa, usiangalie. Geji isiyoweza kukupigia kelele usiinunue. Presha ya oili ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, taa kubwa iwake usoni na king'ora kilie. Uwiano ukizidi 12.8 wakati kuna busti, vivyo hivyo. Kwenye seva hatukai tukitazama grafu usiku kucha; tunalala, na simu inatuamsha. Grafu ni ya kesho yake asubuhi, ya kujua kilichotokea.

Ndiyo maana kumbukumbu ni muhimu kuliko urembo wa geji. Yeye anafunga kompyuta ya injini ya Megasquirt, ambayo huandika kila kitu kwenye faili, na faili hiyo unaifungua nyumbani kwenye kompyuta yako na kutazama mstari kwa mstari kilichotokea ulipokanyaga. Na sikiliza hili: kompyuta hiyo tayari ina sensa ya presha ya hewa. Kwa hivyo busti inaandikwa bure, bila kununua geji yoyote. Hata belti ikiteleza utaiona kwenye faili.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kile kidude cha ELM327 cha bei ya chini kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Nakipenda, ninacho, lakini kwa kazi hii hapana. Magari ya zamani yanayotumia waya mmoja wa mawasiliano huongea kwa biti 10,400 kwa sekunde, na ukiomba vipimo vitano utasubiri kila kimoja zamu yake. Kwa joto la maji kinatosha, maana maji hayachemki ghafla. Kwa uwiano wa hewa na petroli ni kama kusoma gazeti la jana. Tena baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Japani yana tundu lakini hayaongei lugha yenyewe, nasi huku ndiyo tunayoendesha kwa wingi.

Kuhusu kufunga, nilisoma sayansi ya kompyuta, si umakanika, kwa hivyo nitagusa mawili tu yaliyo kwenye mpaka wangu. Waidibendi hupeleka usomaji wake kwenye kompyuta ya injini kwa volti, kutoka 0 hadi 5. Kwa zile za Innovate, volti 1 ni kama hatua 3 za uwiano. Sasa ukifunga waya wa ardhi wa geji kwenye bati la dashibodi na ule wa kompyuta kwenye injini, tofauti ya volti 0.1 tu kati ya hizo ardhi mbili inakupotosha kwa 0.3. Unaona 12.0 kumbe ni 12.3. Funga ardhi zote mahali pamoja, au nunua inayoongea kwa namba kupitia waya wa CAN, ambako ardhi haiharibu hesabu.

La pili ni skrubu. Tundu la presha ya oili kwenye hiyo Mazda ni la BSPT la moja kwa nane, nyuzi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Marekani ni NPT, nyuzi 27. Zitaingia mizunguko miwili mitatu, utafikiri umefaulu, kisha zitakula uzi. Tafuta adapta kabla hujaita fundi, na usiiache sensa nzito ikining'inia kwenye adapta ya shaba ikitikisika na injini. Iunganishe kwa paipu laini ya kusukwa kwa chuma, na sensa yenyewe uifunge kwenye bodi.

Rafiki yangu amekubali waidibendi, presha ya oili, maji na joto la hewa, kila moja na king'ora chake. Tumezizungusha kwenye vishimo vyake ili sindano zote zikiwa sawa zielekee juu, kama wanavyofanya watu wa mashindano. Ya busti pia ameinunua, nimeshindwa kumzuia. Iko ndani ya kisanduku cha glavu, na waya wake bado haujaunganishwa.