Moyo wa mtoto haujui kutulia mbele ya kamera

Mtoto anayepanda mlima kwenda shule huku akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, si lazima awe mvivu. Lushoto ni milima, na mlima humuumbua mwenye tatizo la moyo mapema kuliko tambarare. Kama pia midomo inageuka bluu, anazimia, au viungo vilimvimba wiki chache baada ya kuumwa koo, mpeleke akapimwe.

Kipimo cha kwanza cha picha huwa ni eko, ile ya kupakwa jeli kifuani. Kwa watoto wengi inatosha. Wachache huhitaji MRI, kwa mfano daktari anapotaka kuona kovu ndani ya msuli wa moyo, au kujua kwa hakika damu inapita kiasi gani kwenye mshipa uliozaliwa na kasoro. Hapo safari ni ya kushuka Mombo na kuendelea hadi hospitali kubwa. Rufaa nyingi za moyo huelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Shida yake ni upole. Huchukua vipimo kidogo kidogo katika mapigo mengi ya moyo, kisha kompyuta inaviunganisha kuwa picha. Mgonjwa huambiwa abane pumzi sekunde 10 hadi 15, aachie, arudie tena na tena, na kazi nzima inaweza kufika saa moja. Jaribu kumwambia hayo mtoto wa miaka mitatu! Ndiyo maana wadogo hupewa nusu kaputi, na nusu kaputi inataka mtaalamu wake, kufunga kula, na uangalizi hadi mtoto azinduke.

Kwa hiyo wataalamu wanapohangaika kupunguza dakika, kwa mzazi maana yake ni kubwa. Mwaka 1999 watafiti wa Zurich walionyesha namna ya kutumia antena kadhaa kwa pamoja ili vipimo vipungue. Mwaka 2007 Michael Lustig na wenzake wa Stanford wakaenda mbali zaidi: chukua vipimo vichache tu, hesabu ijaze vilivyobaki. Ni kama mwenyeji wa Mtae anayeona vilele vitatu juu ya ukungu na tayari anajua bonde liko wapi. Siku hizi akili bandia nayo inafanya ujazaji huo, na baadhi ya mashine hupiga moyo huku mgonjwa akipumua kama kawaida. Hatari ipo: kompyuta ikijaza vibaya, kasoro ndogo inaweza kufifia. Picha bado inataka jicho la daktari.

Je, haya ni ya nchi tajiri tu? Jijini Lima, Peru, madaktari wakishirikiana na wenzao wa London walifupisha kipimo hicho hadi wastani wa dakika 18. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2018, yalihusu wagonjwa 98, na kwa takriban theluthi moja matibabu yalibadilishwa. Utafiti haukulenga watoto, lakini ulionyesha kwamba MRI fupi inaweza kufanyika penye fedha kidogo.

Ukiandikiwa rufaa ya MRI, uliza kabla ya kupanda basi: mtoto atapewa nusu kaputi? Aache kula saa ngapi? Bima inalipa? Beba majibu yote ya eko. Mueleze mhudumu kama mtoto ana chuma chochote mwilini, na mvue hereni, vibanio vya nywele, hata hirizi yenye waya. Mashine inapiga kelele sana, hivyo mtoto atazibwa masikio. Mzoeze nyumbani kulala kimya huku ukigonga sufuria.