Kabla ya kununua pikipiki ya kuraa

Ndugu wanakoperative wa Nyakabere, esansi inakula faida ya mpunga wetu, hiyo tunajua wote. Ndiyo maana wengi wanatamani pikipiki za kuraa. Mimi nasema tuulize kwanza habari ya betri. Kule Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo mwaka 2019: motari hangoji kuchaji, anabadilisha betri kituoni, anaendelea na safari. Bila kituo, pikipiki ni chuma tu. Sisi tuna mto Ruzizi wenye mabwawa ya umeme, lakini kuraa haifiki kila kijiji. Basi mshauri akija, tumuulize: betri itajazwa wapi? Pikipiki itabeba mifuko mingapi kwenye matope? Betri ikikufa, nani analipa? Asipojibu, pesa ya koperative ibaki kwenye sanduku.