Niacheni na misukule yangu

  Huku Alby giza ndiyo limeshaanza ujeuri wake, maana ikifika Desemba jua la Stockholm linazama kabla ya saa tisa alasiri. Leo sina picha za theluji wala habari za treni kuchelewa. Leo nimekuja na ugomvi.

Mimi ni mpenzi wa filamu zetu za mizimu, hasa zile za zamani, za bei poa. Binti anampenda kijana, kijana kumbe ni marehemu. Au kijana anampenda binti, binti kumbe ana kwato. Nilipotuma mbili tatu kwenye kundi la ukoo, nikashambuliwa kama mwizi wa kuku. Mjomba wangu mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza kama nimepanda ndege hadi Ulaya ili nikaangalie misukule. Wengine mkagonga vicheko.

Haya. Mashitaka yenu ni matatu. Kwamba ni filamu za hovyo zilizotengenezwa kwa hela ya mboga. Kwamba zinatuaibisha mbele ya wazungu. Na kwamba zinaeneza ushirikina. Nitayajibu kwa zamu. La tatu ndilo zito, kwa hiyo msiishie njiani.

Tuanze na hela ya mboga. Mwaka 1968 kijana mmoja wa Marekani, George Romero, alitengeneza "Night of the Living Dead" huko Pennsylvania na wenzake, kwa kama dola 114,000, ambazo kwa sinema ni chenji. Picha haina rangi, na damu mnayoiona humo ni sharubati ya chokoleti. Filamu zote za wafu wanaotembea mnazolipia leo ni wajukuu wa filamu ile. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue wa Nigeria akatoa "Living in Bondage", moja kwa moja kwenye kanda za video. Mume anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri, halafu mzimu wa mke unamwandama. Mapenzi na marehemu kwa bei ya kanda, na nyuma yake ikasimama biashara nzima iliyofika mpaka Kariakoo.

Kwetu, mwanzoni na katikati ya miaka ya 2000, alikuwepo Mussa Banzi na "Nsyuka" yake, jina la Kinyakyusa, kisha "Shumileta", jini wa kike anayempenda binadamu. Hawa watu hawakusubiri wizara wala mfadhili. Walichukua kamera ya video wakaanza kazi. Na sisi tuliozionea kwenye vibanda umiza tunajua kilichokuwa kinatokea. Kwenye kava filamu inatisha, lakini ndani ya kibanda watu wanavunjika mbavu. Jini akitokea, kuna mtu nyuma anamkopesha nauli. Marehemu akimkumbatia mchumba wake, mama mmoja anauliza kama mahari yanarudishwa. Ni watu walewale waliokua wakisikiliza akina Lufufu wakitafsiri sinema za nje kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yao. Hakuna aliyekaa kimya pale.

Mwaka 2004 Waingereza walipotoa "Shaun of the Dead" na kuinadi kama mapenzi, vichekesho na mazombi kwenye sufuria moja, dunia ilipiga makofi. Wallahi, sisi Igoma tulikuwa tunakula chakula hicho siku nyingi, tena kwa kiingilio cha sarafu.

Sasa shitaka la pili, aibu mbele ya wazungu. Wazungu gani hao? Ninaishi nao. Sinema ya Kisweden inayosifiwa hadi leo na wasomi wao ni "Körkarlen" ya mwaka 1921, ya Victor Sjöström, kutoka kwenye kitabu cha Selma Lagerlöf, mama aliyepata Nobel mwaka 1909. Inasema nini? Kwamba mtu wa mwisho kufa mkesha wa mwaka mpya anapewa kazi ya kuendesha mkokoteni wa kifo mwaka mzima. Mizimu yake imepatikana kwa kupiga picha moja juu ya nyingine. Sisi tukipaka unga wa mhogo usoni tunaitwa washamba.

Tena kuna "Låt den rätte komma in", riwaya ya John Ajvide Lindqvist ya mwaka 2004, ikawa filamu mwaka 2008. Mtoto wa miaka 12 anayeonewa shuleni anampenda jirani yake, na jirani ananyonya damu za watu. Yanatokea Blackeberg, kitongoji cha magorofa na stesheni ya treni kama hiki chetu, ila chenyewe kiko njia ya kijani na sisi tuko njia nyekundu. Hakuna Msweden aliyesema Blackeberg imedhalilishwa. Wamarekani walikuja kuinunua hadithi wakaitengeneza tena mwaka 2010. Na hapahapa Alby, kwenye majengo ya Subtopia, watu wa sarakasi na watu wa filamu wanafanya kazi zao, wala sijasikia mtu akiambiwa akaandike kwanza juu ya maendeleo.

Na kama hoja ni kwamba mtu msomi haandiki majini, basi mkamfukue Shaaban Robert mumwulize Huria alikuwa nani katika "Adili na Nduguze". Mlimsoma shuleni, mkajibu mtihani, mkafaulu.

Sasa shitaka la tatu. Hapa sitanii.

Mnasema filamu hizi zinawafanya watu waamini uchawi. Ndugu zangu, nani alikuwa na deki ya video mwaka 1928, Waingereza walipotunga Sheria ya Uchawi ya Tanganyika? Watu wetu waliogopa uchawi kabla ya sinema, na woga huo unaua. Kanda ya Ziwa tunayaita mauaji ya vikongwe, neno la kawaida kabisa, kama tunavyosema msimu wa pamba. Mama amepika miaka 50 kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi umemharibu macho, yamekuwa mekundu, basi ni mchawi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu mamia ya watu waliouawa katika mwaka mmoja kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake. Na Zanzibar mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye jini mwenyewe.

Wengi wenu mnamkumbuka bibi yetu mdogo, yule aliyehamishwa kijijini usiku kwa baiskeli na kuletwa mjini akiwa na khanga mbili tu. Kosa lake lilikuwa ujane, macho mekundu na ekari nne za mpunga karibu na mto. Leo ekari zile analima nani? Mnajua. Mbona hamsemi?

Kwa hiyo nawageukia wale ninaowatetea, watengenezaji wenyewe. Nina neno nao. Mbona mchawi ni yuleyule kila siku? Bibi kizee, mama mkwe, mjane, mke asiyezaa. Kijana anakuwa msukule, kamera inakwenda moja kwa moja kwenye uso wa ajuza, muziki unalia, watu wanapiga kelele, mwishoni anateketea na kila mtu anafurahi. Hapo hakuna kichekesho. Kwa mtazamaji atakayetoka kibandani na kurudi kwenye kijiji chenye bibi wa namna hiyo, huo ni ushahidi. Jini anayedai mapenzi anachekesha. Ajuza anayechomwa moto hachekeshi, kwa sababu yupo kweli, na ana jina.

Msidhani hili ni la Waafrika peke yetu. Hawa Wasweden mnaowaonea aibu, mwaka 1675 huko Torsåker waliua watu 71 kwa uchawi, 65 kati yao wanawake, wengi kwa ushahidi wa watoto waliodai wamechukuliwa usiku kwenda kwa shetani. Mwaka 1676 hapa Stockholm walimchoma mama mmoja, Malin Matsdotter, akiwa hai, na waliomshitaki walikuwa binti zake mwenyewe. Mwaka huohuo mashahidi watoto walipobanwa wakakiri kwamba walidanganya, na kesi zikafungwa.

Sasa njooni Alby wakati wa Pasaka. Watoto wanavaa vilemba vya bibi zao, wanajichora madoa mashavuni, wanabeba mafagio na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende. Wanaigiza wachawi walewale! Kwenye ngazi za gorofa letu wapo watoto wa Kisomali, wa Kituruki, wa Kisiria, wote wachawi siku hiyo, na mabibi wanawafungulia mlango wakicheka. Ila tusichanganye mambo. Kicheko hakikutangulia. Kwanza waliacha kuua, wakahoji ushahidi, wakafunga kesi. Kicheko kikaja baadaye, na sasa kinalinda, kwa sababu mtoto aliyewahi kuwa mchawi kwa ajili ya peremende ni vigumu kumwogopa jirani kwa sababu ya macho yake.

Sisi tunavyo vyote viwili kwa wakati mmoja, vicheko na mapanga. Ndiyo maana filamu hizi si upuuzi. Mwenye kamera anachagua kila siku upande wa kuchochea.

Na njia ilishaonyeshwa zamani. Muhammed Said Abdulla, katika "Mzimu wa Watu wa Kale" ya mwaka 1960, alimtuma Bwana Msa na kiko chake kwenye mauaji yaliyosingiziwa mzimu. Bwana Msa hakumwita mganga. Aliuliza maswali, akawakuta binadamu. Kumbe unaweza kumtisha msomaji ukurasa hadi ukurasa na bado usimuue bibi wa mtu.

Ndipo ninapofika kwa mpwa wangu wa Mwanza, ambaye wakubwa mnamkataza "kupoteza muda". Ameandika filamu. Binti anasikia kwamba mchumba wake, aliyezikwa mwezi uliopita, ameonekana usiku akilima mpunga. Anamfuata. Msukule anagoma kushika jembe mpaka alipwe mshahara, tena anataka kujua nani anakula mahari yake. Kijiji kizima kinamnyooshea kidole bibi mwenye macho mekundu. Mwisho wake sitausema, ila mwenye shamba ajiandae.

Nimemtumia krona 2,000 za taa na chakula cha wasanii. Si nyingi, lakini Romero naye alianza na chenji. Mjomba, kwa heshima zote, ulitufundisha sisi wote kusoma, sasa msome na huyu kabla hujamhukumu. Na wewe uliyesema utaona haya jina la ukoo likitokea kwenye sinema ya misukule, sikiliza: jina la ukoo lilishachafuka siku ile tulipomwacha bibi apakiwe kwenye baiskeli usiku huku tumefunga madirisha.

Anayetaka kunipinga aandike hapo chini, nitajibu wote. Anayetaka kuchangia, mpwa anapokea hata shilingi elfu moja. Kamera anayo, msukule kapatikana. Kinachokosekana ni bibi wa kuigiza, maana kila mama anayeombwa anaogopa watu watakavyomtazama baadaye.