Nafasi ya Mlangoni ni ya Nani?



Katika parokia zetu nyingi za mjini, nafasi ya kuegesha gari iliyo karibu zaidi na mlango wa kanisa ina mwenyewe. Ni ya mgeni rasmi, ya kiongozi wa Halmashauri ya Walei, au ya yeyote aliyewahi Misa ya kwanza. Bajaji iliyomleta mama mwenye magongo husimamishwa getini, kwa kuwa utaratibu unasema bajaji na bodaboda haziingii ndani. Kutoka getini hadi mlangoni mama huyo anajikokota juu ya kokoto huku magari yakimpita. Sisi mafrateri tunaotumwa uchungajini tunaliona jambo hili mara kwa mara. Ombi letu ni moja: kila parokia itenge nafasi za maegesho kwa watu wenye ulemavu, na itoe kibali rahisi cha kuzitumia.

Tunaliomba kama haki. Katika falsafa tunajifunza kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Kabla yake, Aristotle alikwisha kuonyesha kwamba kugawa kwa haki si lazima kugawa sawasawa. Hutegemea nani anastahili nini. Mita 100 kwa kijana mwenye afya ni matembezi. Kwa mwenye miguu iliyopooza ni sababu ya kubaki nyumbani. Anayesema “wote tuegeshe tunapopata, tusibaguane” amewapa watu wawili mizigo miwili tofauti, kisha akaiita usawa.

Serikali yetu nayo imekwisha kulitamka hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikawa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziondoe vikwazo katika majengo, barabara na usafiri, na zihakikishe kwamba hata taasisi binafsi zinazohudumia umma zinafikika. Kanisa lisingoje kukumbushwa na mkaguzi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, aliwataja watu wenye ulemavu kuwa miongoni mwa wale wanaoishi kama wageni ndani ya jamii yao wenyewe.

Wapo waliotutangulia, nasi tunaweza kujifunza kwao. Uingereza ilitunga sheria iliyoanzisha vibali vya maegesho mwaka 1970, na kibali cha rangi ya buluu kinachotumika sasa kilianza mwaka 2000. Mambo mawili katika utaratibu wao yanatufaa. La kwanza, kibali ni cha mtu, si cha gari. Mwenye kibali anaweza kupanda gari la mwanawe leo na la jirani kesho, na kibali kinakwenda naye. Asipokuwemo kwenye safari, kibali hakina kazi. La pili, tangu mwaka 2019 vigezo vya England vinawataja bayana watu wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Kwetu pia yupo mgonjwa wa moyo anayeishiwa pumzi baada ya hatua chache, na yupo kijana mwenye selimundu ambaye kuna siku viungo vinamkatalia kabisa. Akishuka garini kwa miguu yake miwili, mlinzi asimwite mwongo.

Kwa parokia tunapendekeza hivi. Mhitaji au ndugu yake amweleze mwenyekiti wa jumuiya, naye apeleke jina kwa paroko. Mtu asitakiwe kueleza maradhi yake mbele ya kamati. Kadi iandikwe jina na tarehe ya mwisho. Aliyevunjika mguu apewe ya miezi michache. Kadi hiyo ifungue geti kwa gari, kwa bajaji na hata kwa bodaboda, maana wengi wa watu hawa hawana gari. Nafasi zitengwe angalau mbili, zenye upana wa ziada wa kama mita 1.2 ubavuni ili mlango ufunguke wote na kiti mwendo kipite. Kokoto ziondolewe katika njia hiyo, iwekwe zege, na penye ngazi pawe na mteremko usio mkali: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Kisha aitwe mwenye kiti mwendo aipite njia hiyo kabla mafundi hawajalipwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tumesikia pingamizi. Wengine husema watu watadanganya. Huenda mmoja atajaribu, lakini jumuiya ndogo ndogo ni majirani wanaofahamiana. Ni vigumu kuwa mgonjwa wa Dominika tu. Wengine husema wenye ulemavu parokiani ni wachache. Wamewahesabu wanaofika. Wafungue daftari la wanaopelekewa Komunyo nyumbani, waulize ni wangapi wangekuja kama wangeshushwa mlangoni. Kumpelekea mgonjwa Ekaristi ni huduma takatifu kwa asiyeweza kutoka. Kwa anayeweza kutoka na akazuiwa na geti letu, huduma hiyo inafunika kosa letu. Wengine tena husema vijana wapo, watambeba. Kubebwa na ndugu ni upendo, lakini mtu mzima asilazimike kubebwa mbele ya waamini wote kila Dominika ili aweze kusali.

Katika sura ya pili ya Injili ya Marko, watu wanne wanamleta mtu aliyepooza kwa Yesu. Wanaukuta mlango umezibwa na umati, wanapanda juu, wanatoboa dari na kumteremsha. Tunapohubiri sehemu hiyo tunawasifu wale wanne, na ni sawa, kwa sababu Yesu mwenyewe aliiona imani yao. Lakini umati ule pale mlangoni nao ulikuwa umekuja kusikiliza Neno. Haukuwa na nia mbaya. Ulisimama tu mahali ambapo mwingine alihitaji kupita.

Bajeti za parokia nyingi huandaliwa kabla mwaka mpya haujaanza. Zege la njia moja, rangi ya nafasi mbili na kadi chache si mzigo kwa parokia inayoweza kununua vipaza sauti vipya. Tunaziomba Halmashauri za Walei ziliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na mlinzi wa geti aalikwe kikaoni, kwa maana yeye ndiye mtu wa kwanza kuwapokea wanaokuja kusali.