Nesi Si Mtu wa Kudunga Tu

Kuna sentensi moja nimechoka nayo kabisa: "Nesi si ni kudunga tu? Hata mimi naweza." Utaisikia kwa matatu, utaisikia kwa ploti, utaisikia hata kwa mtu ambaye jana alidungwa akatoka akitembea kwa miguu yake.

Wacha niseme wazi. Huo ni ujinga, na ni ujinga unaoua. Unampa mwenye kliniki nafasi ya kumweka yeyote mwenye koti jeupe ashike sindano, kwa sababu ni "kudunga tu". Na wewe mgonjwa unakufanya unyamaze: unakunja shati, unadungwa, unalipa, unaenda.

Tuanze na hesabu. Mtoto wa kilo 12 ana homa kali. Daktari ameandika parasetamoli ya kupitia mshipa, miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180. Chupa imeandikwa gramu 1 ndani ya mililita 100, maanake kila mililita iko na miligramu 10. Kwa hivyo huyu mtoto anafaa kupata mililita 18. Basi.

Sasa mpe kazi hiyo mtu anayedhani miligramu na mililita ni kitu kimoja. Atatafuta mililita 180, chupa itaisha kabla afike, na mtoto atakuwa ashapata gramu nzima. Zaidi ya mara tano ya kipimo chake! Na ni dawa ya homa tu, ile tunaichukulia kama peremende. Ikizidi inaweza kuharibu ini, na ini halipigi kelele siku hiyohiyo.

Bado unasema ni kudunga tu? Chukua seftriaksoni, antibayotiki inayodungwa sana huku kwetu. Ikidungwa kwa msuli inauma vibaya, ndiyo maana huchanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi. Lakini mchanganyiko huohuo haufai kabisa kuingia kwa mshipa, kwa sababu lignokeini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni njia na kile imechanganywa nacho. Nani atajua tofauti, kama si mtu aliyeketi darasani akasomea dawa?

Au penisilini. Kuna watu miili yao inaikataa. Koo linafura, presha inaanguka, na ni dakika chache tu ziko hapo katikati. Nesi anayejua kazi atakuuliza kwanza kama una aleji, na adrenalini itakuwa karibu kabla hajafungua sindano. Mtu wa koti hata hajui adrenalini inakaa wapi.

Nesi, awe wa cheti, diploma ama digrii, hufunzwa mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Unaona hilo la kwanza ni la kitoto? Mapema 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa alifunguliwa kichwa kumbe aliyefaa kupasuliwa ni mwingine. Huo ulikuwa upasuaji, lakini mzizi ni uleule: nani yuko mbele yangu?

Najua mtaniambia, "Hata manesi wenye leseni hukosea." Kweli, hukosea. Lakini hiyo haionyeshi kwamba kazi ni rahisi. Inaonyesha ni ngumu kiasi kwamba hata aliyesoma anahitaji usaidizi. Mweke nesi mmoja usiku na wodi nzima, simu inalia, jamaa za mgonjwa wanamvuta mkono, mwandiko wa daktari hausomeki. Hapo kosa linasubiri saa tu. Potasiamu nzito ikisukumwa moja kwa moja kwa mshipa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo. Dawa kama hiyo, au insulini, inataka watu wawili waiangalie. Huyo wa pili atatoka wapi kama mwajiri amebana matumizi?

Kwa hivyo hasira zetu ziende mahali zinafaa. Ziende kwa wenye hospitali wanaoajiri wachache. Ziende kwa wenye kliniki wanaoajiri bei rahisi. Na sisi watu wa kurekodi kila kitu, tuweke simu chini mtu akihesabu dawa. Hakuna video ya thamani ya kumfanya apoteze nambari.

Sijacheka mtu anayeenda kliniki ndogo ya mtaa. Wengi wetu ndiyo tunayoweza, na kuna za bei nafuu zenye nesi halali. Nesi halali amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na ana leseni ya kazi. Uliza uione. Kisha uliza mengine: Hii ni dawa gani? Ni ya kutibu nini? Ni kiasi gani? Inaenda kwa msuli ama kwa mshipa? Naomba nione chupa. Anayejua atajibu bila noma. Akikufokea na si dharura, vaa shati utafute kwingine. Mwili ni wako, si wake.

Na siku utakutana na nesi anakuuliza jina kwa mara ya tatu, usisonye, usiseme "si nilikuambia". Taja majina yote mawili, useme na aleji zako. Huyo anafanya kazi yake venye inafaa kufanywa.