Kikombe cha Chai na Mate ya Mtoto



Ndugu msomaji, hivi karibuni nilimsindikiza mtoto wa kaka yangu kutoka Bunda kwenda Musoma kung'olewa magego mawili yaliyooza. Ana miaka 5, na hofu yake ilishinda kila neno la upole, hivyo daktari wa meno akashauri kazi ifanyike kwa dawa ya usingizi. Tuliagizwa asile kitu tangu usiku. Muuguzi alipouliza kama mtoto amekula, kaka alijibu upesi, “Hajala.” Nami nilijua kwamba alfajiri bibi yake, kwa huruma, alimnywesha chai ya maziwa na kumpa andazi.

Nilinyamaza kitambo. Nauli ilikwisha kulipwa, siku ya kazi imepotea, na jino linauma. Kisha nikasema kweli. Tukapangiwa siku nyingine, na kaka akanuna njia nzima. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila mzazi aliye na haraka kama yake.

Mtu mzima hutoa mate kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mengi hutoka katika jozi tatu za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Tezi hizo huendeshwa na mishipa ya fahamu tusiyoiamuru. Mtu akitulia, mate huwa mengi na mepesi. Akiogopa, hupungua na kuwa mazito. Ndiyo maana mwenye hofu hukaukiwa na kinywa hata kabla ya kuguswa.

Dawa nazo hazifanani. Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1985, hutumika sana katika hospitali zetu kwa kuwa aghalabu mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Lakini huongeza mate. Mate hayo yakigusa nyuzi za sauti, koo laweza kujibana na hewa ikakosa njia. Kwa hiyo wataalamu huweka tayari mashine ya kunyonya mate, na pengine humpa mgonjwa atropini, dawa inayokausha kinywa.

Diazepamu na midazolamu, kinyume chake, huelekea kupunguza mate. Hata hivyo mate machache si dhamana ya usalama, kwa sababu dawa hizo hulegeza pia uwezo wa kumeza na kukohoa. Ama sindano ya ganzi, udenda unaouona baadaye si mate yaliyozidi; ni midomo na ulimi visivyohisi, basi mtoto hashiki mate yake.

Sasa rudi kwenye chai ya bibi. Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa. Aliyelazwa kwa dawa huenda asikohoe. Akitapika, chai na andazi vitafuata njia ya mate hadi mapafuni, na mashine ya kunyonya huenda isiwahi. Kwa kawaida huagizwa saa 6 bila chakula wala maziwa ya ng'ombe, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji matupu. Fuata agizo la daktari wako, na kila mtu wa nyumbani alijue, bibi akiwa wa kwanza. Mweleze daktari pia kila dawa anayotumia mtoto, mafua na kikohozi alicho nacho, wala usimpe nyumbani kidonge cha kumtuliza. Baada ya kazi, asilishwe mpaka aamke barabara na ganzi iishe, asije akajiuma mdomo.

Wengine huuliza kuhusu ibada. Kumeza mate yako mwenyewe hakubatilishi saumu. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kwamba kuziba au kung'oa jino hakubatilishi pia, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Aliyepotewa na fahamu kwa dawa atatawadha upya kabla ya kuswali.

Wazee wetu wa Mara walijua kuvumilia. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichongwa meno kwa desturi ya Wazanaki. Lakini uvumilivu wa leo ni wa mzazi: kumwona mtoto akililia chai, na kutompa.

Mara ya pili bibi mwenyewe aliificha birika. Mtoto alilala, mate yakanyonywa, magego yakatoka, naye akaamka akimwita mama yake. Kaka alinishika mkono, hakusema neno. Swali la muuguzi ni amana. Tulijibu kwa kweli, hata kama kweli hiyo itaturudisha Bunda mikono mitupu.

Wabillahi tawfiq.